Fahamu: Kwa nini kizunguzungu hakiishi na vipimo ni safi?

Presha sawa, malaria hakuna, damu inatosha. Lakini kichwa bado kizito kana kwamba kimefungwa kilemba cha kubana, kichefuchefu kinakuja na kuondoka, na ukipita sokoni ardhi inayumba kama ngalawa.

Mwili husimama wima kwa msaada wa macho, misuli na sikio la ndani. Sikio likivurugwa na ugonjwa, ubongo huegemea zaidi macho ili usianguke. Wakati mwingine sikio hupona, ubongo ukabaki na hofu ileile ya kuanguka. Mwaka 2017 wataalamu wa kizunguzungu wa Jumuiya ya Bárány walichapisha vigezo vya hali hii: kizunguzungu cha karibu kila siku kwa miezi 3 au zaidi, kinachozidi mtu akisimama, akitembea au akitazama vitu vingi vinavyosogea. Kipandauso nacho huleta kizunguzungu, tena hata kichwa kisipouma. Wengi hawalijui hilo.

Vidonge vya kutuliza kizunguzungu vinafaa siku chache za mwanzo. Vikimezwa kwa miezi, huchelewesha ubongo kujirekebisha. Mazoezi ya macho, shingo na kutembea husaidia zaidi, ingawa mwanzoni yanachefua kweli. Ila ukiona ganzi upande mmoja, ulimi mzito au vitu viwiliviwili, usisubiri kesho: nenda hospitali.