Bunduki ya Lindo: Ikague Kabla ya Zamu

Ndugu walinzi wa Arua na Koboko, ninyi mnaokesha kwenye maduka, maghala na vituo vya petroli, makala haya ni yenu. Wengi hukabidhiwa jioni bunduki ya marisau, yaani shotgani, yenye umri kuliko huyo anayeishika. Mwajiri huiona kuwa ni kitu cha kumtisha mwizi. Lakini silaha mbovu humtisha mwizi asiyeijua tu. Anayeumia ni aliyeibeba.

Ubovu unaojulikana zaidi ni kutolia. Umevuta kifyatuo, pini imegonga, kimya. Usiifungue upesi! Kuna risasi ambayo baruti yake huchelewa kushika moto. Elekeza mtutu mahali pasipo mtu, ngoja dakika nzima, ndipo uitoe. Sasa tazama fataki, kile kidude cha duara katikati ya kitako cha risasi. Ikiwa alama ya pini ni hafifu, basi springi imechoka, au pini imelika, au mafuta yameganda na vumbi ndani. Waliolinda kando ya barabara ya Koboko kabla ya lami wanalijua vumbi hilo jekundu. Ikiwa alama imezama vizuri, mshuku risasi yenyewe. Risasi mbili zilizokaa mfuko mmoja msimu mzima wa mvua, zikipokezanwa zamu kwa zamu, si za kutegemewa.

Hatari kubwa zaidi haina kelele. Bunduki iliyoegemezwa ukutani siku kadhaa huweza kujengewa nyumba na nyigu wa udongo, ndani ya mtutu. Udongo kidogo tu hutosha kuupasua mtutu karibu na mkono wako wa kushoto. Kwa hiyo kila jioni fungua, hakikisha haina risasi, uchungulie toka nyuma mpaka uone mwanga. Tena, risasi ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12. Ukiitia katika bunduki ya namba 12 huteleza mbele na kukwama. Mlinzi hudhani hakuna kitu, akatia nyingine nyuma yake. Viwanda vingi hutia namba 20 rangi ya njano kwa sababu hiyo.

Kama ni ya kukunja, ikiwa tupu, ishike mtutu na kitako uitikise. Ikicheza kwenye bawaba, imelegea. Na ile inayofyatuka yenyewe kitako kikigonga sakafu, isitiwe risasi hata moja.

Nani aitengeneze? Si ninyi, wala si fundi wa baiskeli sokoni mwenye tupa. Kazi ya kutengeneza bunduki ina leseni yake chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970. Gharama ni ya mwajiri: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka atoe vifaa vilivyo salama. Na mlinzi akijeruhiwa kazini, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamhusu mwajiri huyo huyo.

Lakini fidia hutaka ushahidi. Andika ubovu katika daftari la zamu, tarehe na namba ya bunduki, msimamizi atie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, mwenzako wa zamu ashuhudie, kisha nakala ipelekwe kwa mwakilishi wa tawi asubuhi ile ile.