Saa ya Thamani Isiyosomeka

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja, binti anayesomea ualimu, aliingia darasani akiwa na saa ya mkono aina ya Tank, zawadi ya shangazi yake aliye Ufaransa. Saa hiyo ilibuniwa na Louis Cartier mwaka wa 1917, na umbo lake la mstatili liliigwa kutokana na vifaru vya Renault vya Vita Vikuu vya Kwanza. Nambari zake ni za Kirumi na akrabu zake ni za samawati. Jacqueline Kennedy aliivaa, na Diana wa Uingereza pia.

Aghalabu hudhaniwa kuwa wanawake waliiga saa ya mkono kutoka kwa wanaume. Kinyume chake ndiyo kweli. Mnamo 1868 kampuni ya Patek Philippe ya Uswisi ilimuundia Countess Koscowicz wa Hungaria saa ya kikuku. Wanaume wakati huo walitia saa zao mfukoni, na ile ya mkono wakaiona kuwa pambo la kike. Vita vya 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyowabadilisha nia, kwani askari handakini hakuwa na nafasi ya kupekua mfuko.

Hata hivyo, kilichonifanya nishike kalamu ni kisa alichonisimulia binti huyo. Alimpigia nyanya yake simu kijijini akamwambia, "Nyanya, kesho gari la kukupeleka kwa daktari wa macho litakuja saa nane." Alikuwa ametazama saa yake akasoma VIII. Gari lilifika asubuhi, likamkosa ajuza, likaondoka. Saa nane mchana nyanya alikuwa kando ya barabara, ameoga, amevaa leso mpya, akingoja. Alipewa siku nyingine ya kumwona daktari, miezi mitatu baadaye.

Je, nani wa kulaumiwa? Kwa hakika si nyanya. Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na katika nchi hii inayopitiwa na Ikweta, jua halibadilishi sana wakati wake mwaka mzima. Saa moja baada ya mapambazuko ni saa moja. Mantiki hiyo haina kasoro.

Kosa ni letu sisi walimu. Twamfundisha mtoto kusoma saa kwa Kiingereza, kisha twamwachia atafsiri tarakimu. Matokeo yake ni "saa nane asubuhi", wakati ambao haupo katika Kiswahili.

Dawa yake ni nyepesi. Mchoreeni mwanafunzi uso wa saa ubaoni, mumwonyeshe kwamba nambari iliyo mkabala na ile inayoelekezwa na akrabu fupi ndiyo saa ya Kiswahili: VIII hutazamana na II, basi ni saa mbili. Somo hilo halichukui hata nusu saa.

Binti yule sasa anaijua kanuni hiyo. Nyanya yake angali anangoja miwani. Walimu wenzangu, mwasemaje?