Lualaba: Kijana wa Kolwezi anayetaka kusomea uchoraji bado analazimika kuhama

KOLWEZI – Kila mwaka, matokeo ya Examen d'Etat yanapotangazwa, familia nyingi za Kolwezi zinajiuliza swali moja: mtoto aandikishwe wapi? Majibu yanakuja haraka: polytechnique, madini, umeme, sheria. Uchoraji hautajwi, ama unatajwa kwa kicheko.

Si ajabu. Mji umezungukwa na machimbo ya shaba na kobalti: Kamoto, Mutanda, Sicomines, na mbele kidogo Tenke Fungurume. Hata baba anayependa picha anapiga hesabu ya minervali, nyumba ya kupanga na chakula, kisha anauliza kazi itatoka wapi. Mhandisi anajua mlango wa kubisha. Mchoraji hajui.

Halafu kuna umbali. Institut des Beaux-Arts ya Lubumbashi, karibu kilomita 300 kutoka hapa, ni ya kiwango cha sekondari. Anayetaka kuendelea na uchoraji katika masomo ya juu anaelekea Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, shule iliyoanzishwa mwaka 1943 huko Gombe-Matadi na Frère Marc Wallenda, kabla ya kuhamia mji mkuu. Kutoka Kolwezi kwenda huko ni ndege, ama siku nyingi za barabara mbaya. Kwa familia inayoishi kwa uchimbaji wa mikono, safari peke yake inaweza kumaliza akiba.

Lakini ukanda huu wa shaba haukukosa wachoraji. Mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake, Le Hangar, mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Pili Pili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga walitoka pale. Hawakufundishwa kuiga picha za Ulaya. Kila mmoja aliachiwa achore aliyoyabeba kichwani. Bela alichora kwa ncha za vidole.

Miaka ya 1970 wakaja wachoraji wa mtaani, wengi bila shule ya sanaa. Tshibumba Kanda Matulu, aliyejiita mwanahistoria, alichora historia ya nchi juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Wateja walikuwa wakaaji wa kawaida, wenye mshahara wa Gécamines au wa reli, waliotundika saloni picha ya Mamba Muntu ama ya Colonie belge. Soko hilo ndilo lililokufa. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, Gécamines ikaanguka, mishahara ikakatika, na mtu mwenye njaa hanunui picha. Kampuni zilizofuata zilirudisha kazi, lakini hazikurudisha wanunuzi wale.

Hata msanii wa Katanga anayejulikana zaidi duniani leo, Sammy Baloji, hakusomea uchoraji: alisoma mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akajenga jina kwa picha za kamera kuhusu Gécamines na migodi. Pamoja na wenzake alianzisha Picha, shirika linaloandaa Biennale ya Lubumbashi tangu 2008. Mzazi anaweza kusoma mfano huo kwa namna mbili, na wengi watachagua ile ya kwanza: kwamba shule ya sanaa si lazima.

Kuna jambo moja linaloudhi. Buluu ya kobalti, rangi iliyotengenezwa na Mfaransa Thénard mwaka 1802, inatokana na madini yaleyale yanayopita Kolwezi kila siku ndani ya malori. Kongo inatoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Anayetaka rangi hiyo hapa anasubiri itoke ng'ambo.

Pesa za kuanzia si za kutafuta mbali. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kila kampuni itenge angalau 0,3% ya mauzo yake kwa miradi ya jamii, na miradi hiyo inaandikwa katika cahier des charges pamoja na wakaaji. Mara nyingi wanaomba visima, madarasa, vituo vya afya. Karakana ya uchoraji, ama burse ya vijana wachache kwenda Kinshasa, inaweza kuombwa kwenye meza ileile.