Marejeo ni Ngamani: Wenzetu Wanaorudi Nyumbani Mikono Mitupu

Katika mazungumzo ya watu wetu walioko ughaibuni liko jambo moja lisilosemwa kwa sauti. Husemwa habari za aliyepata makaratasi, za aliyenunua nyumba, za aliyemwoza bintiye kwa shangwe. Lakini habari za aliyefunga mizigo akarudi kwao kwa sababu maisha yamemshinda hunong'onwa, kama zinavyonong'onwa habari za aliyefungwa jela. Siku chache baada ya kuondoka kwake huulizwa msikitini, "Fulani yuko wapi?" na jibu huwa ni kuinamisha kichwa tu.

Wasomaji wapenzi, mwezi huu tumeona vyema tulizungumze jambo hili waziwazi. Wanaokabiliwa nalo ni wengi kuliko tunavyodhani, na ukimya wetu unawagharimu.

SI JAMBO GENI

Kwanza tufahamu kwamba kurejeshwa na dhiki si mkasa wa mtu mmoja mmoja mwenye bahati mbaya. Mnamo Januari 1983, baada ya bei ya mafuta kuanguka, serikali ya Nigeria iliwaamuru wageni wasio na vibali waondoke, na Waghana kwa mamia ya maelfu wakarudi kwao na mifuko mabegani. Mwaka 1990, Iraki ilipoivamia Kuwait, Saudi Arabia iliwaondolea Wayemeni nafuu walizokuwa nazo za kukaa na kufanya kazi. Mamia ya maelfu walivuka mpaka kurudi Yemen, wengi wao wakiwa wameacha maduka na kazi za miaka mingi.

Mtikisiko wa fedha wa mwaka 2008 na 2009 uliwakuta wengi Dubai wakiwa na mikopo ya benki na hundi walizozitoa kama dhamana. Wakati huo hundi isiyo na fedha ilikuwa kosa la jinai; sheria hiyo haikulegezwa mpaka Januari 2022. Kwa hiyo aliyepoteza kazi alikuwa baina ya mambo mawili: akimbie usiku au aingie gerezani. Kisha Julai 2017 Saudi Arabia ilianza kuwatoza wageni riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtegemezi, na kiwango kikaongezwa kila mwaka hadi kufikia riyali 400 mwaka 2020. Mtu mwenye mke na watoto watatu akajikuta anadaiwa riyali 1,600 kila mwezi kabla hajanunua hata mkate. Wengi waliwarudisha wake na watoto makwao, na baadaye wakawafuata.

Katika visa vyote hivyo hatumwoni mvivu wala mbadhirifu. Tunawaona watu waliokuwa wakifanya kazi usiku na mchana, bei na sheria zikageuka chini ya miguu yao.

HESABU ZA HAPA UINGEREZA

Kwetu hapa Uingereza dhiki haiji kwa kishindo. Huja kidogo kidogo, kama maji yanayopenya katika mtumbwi. Mwezi wa Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifikia asilimia 11.1, kiwango ambacho hakikuonekana kwa muda wa miaka 40. Mshahara ulibaki ule ule au uliongezeka kidogo, na kodi ya nyumba, gesi, umeme na chakula vikapanda kwa pamoja.

Juu ya hayo, wenzetu ambao bado wako katika viza wana mzigo wao peke yao. Mwaka 2015 ilianzishwa ada ya matibabu kwa wahamiaji, pauni 200 kwa mwaka. Mwaka 2019 ikawa pauni 400, mwaka 2020 ikawa 624, na Februari 2024 ikapandishwa hadi 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Tuchukue mfano wa mume, mke na watoto watatu wanaoomba kwa njia ya familia ruhusa ya miezi 30. Kwa viwango hivyo, ada ya matibabu peke yake ni pauni 10,995, kabla ya kuhesabu ada ya maombi yenyewe na malipo ya wakili. Kweli upo msamaha kwa asiyejiweza, lakini sharti auombe na authibitishe, na wengi hawajui kuwa upo. Watu hao hao, mara nyingi, wameandikiwa katika viza zao kwamba hawaruhusiwi kutegemea fedha za umma. Kazi ikikatika, hakuna wa kuwashika mkono.

Na nyuma ya yote hayo iko simu ya nyumbani. Mama anaumwa, mtoto wa dada hajalipiwa ada ya skuli, Idi imekaribia. Aliye huku haoni njia ya kusema hana, basi hutoa kadi ya mkopo, akatuma. Mwezi unaofuata hukopa kwa kadi ya pili ili aifadhili ya kwanza. Ndivyo deni linavyokua ndani ya nyumba ambayo nje yake inaonekana ya neema.

AIBU NDIYO INAYOCHELEWESHA

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na maneno hayo yamewafunga wengi minyororo. Mtu hujua fika kwamba hapa hana tena maslahi, lakini humtisha ile siku ya kushuka uwanja wa ndege na sanduku moja. Amekaa miaka 15 Ulaya. Watu watauliza iko wapi nyumba, liko wapi gari. Basi hujiambia: mwaka mmoja tu zaidi. Mwaka ule ukipita huwa deni limeongezeka, afya imepungua, na watoto wamefika umri ambao kuwahamisha ni kuwavunja.

Lakini nani aliyewafundisha walioko nyumbani kutuona sisi matajiri? Ni sisi wenyewe. Tulipiga picha mbele ya magari ya watu, tukaenda likizo kwa fedha za kukopa, tukagawa zawadi mtaa mzima, na hatukusema hata mara moja kwamba tunalala saa nne kwa usiku kwa sababu ya zamu mbili. Jamaa zetu waliamini walichoonyeshwa. Wa kuwatoa katika dhana hiyo ni sisi, na wakati wa kuwatoa ni kabla ya safari. Aliyewaambia nduguze kwa miezi sita kwamba mambo ni magumu, akapunguza anachotuma kwa kuwaeleza sababu, hupokewa kwa moyo mwingine kuliko aliyewafumania mlangoni.

Haki inatudai tukumbuke pia kwamba si kila aliyeko huku alikuja kutafuta mali. Wako waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na wako waliotoka Barawa vita vya Somalia vilipowafikia mwaka 1991. Kwa hao neno "nyumbani" lina uchungu wake, na hapana anayewajibika kurudi kwa sababu jirani yake amerudi. Tunayoyasema hapa ni kwa yule ambaye moyo wake umeshaamua, na kinachomzuia ni macho ya watu.

KABLA YA KUKATA TIKETI

Kurudi kwa haraka kuna hasara zake, na baadhi ya hasara hizo hazitengenezeki. Yako mambo matano ya kuyatazama kwa utulivu.

La kwanza ni makaratasi. Mwenye ruhusa ya ukaazi wa kudumu Uingereza, akikaa nje kwa zaidi ya miaka miwili mfululizo, ruhusa yake hukatika. Aliyezidisha muda wa viza naye ajue kwamba idara ya uhamiaji inao mpango wa kurudi kwa hiari, ambao kwa baadhi ya watu hutoa nauli na msaada wa hadi pauni 3,000. Lakini kuondoka kwa gharama ya serikali kwa kawaida humfungia mtu mlango wa kurudi kwa miaka miwili au mitano, ilhali aliyejilipia nauli mara nyingi hufungiwa mwaka mmoja. Apate kwanza ushauri wa wakili.

La pili ni uraia. Kenya imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya mwaka 2010, na aliyeupoteza zamani anaweza kuuomba tena. Tanzania hairuhusu: mtu mzima aliyechukua pasi ya Uingereza kwa hiari yake anarudi kwao akiwa mgeni kisheria. Mwaka 2025 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya sheria ili wenye asili ya nchi hiyo wapewe hadhi maalumu. Hadhi hiyo si uraia, na Zanzibar ina sheria zake za ardhi. Basi asiuze kilichoko huku kwa kutumainia kiwanja cha kule mpaka ajue anaruhusiwa kukimiliki kwa jina lake.

La tatu ni watoto. Mwaka wa masomo Tanzania na Kenya huanza Januari. Anayewahamisha Septemba huwapotezea mwaka au huwatia darasani katikati. Jambo kubwa zaidi ni hili: kijana anayetaka baadaye kurudi kusoma chuo kikuu cha Uingereza kwa ada ya wenyeji na mkopo wa serikali hutakiwa, kwa kawaida, awe ameishi humu miaka mitatu kabla ya kuanza masomo. Pasi peke yake haitoshi. Wazazi wengi huligundua hilo siku barua ya chuo inapofika.

La nne ni pensheni. Aliyechangia bima ya taifa kwa miaka 10 au zaidi ana haki ya kulipwa pensheni ya serikali hata akiwa Tanga au Lamu. Lakini Tanzania na Kenya zimo katika nchi ambazo pensheni hiyo haiongezwi mwaka hadi mwaka. Hubaki pale pale ilipoanzia. Aliyechangia miaka tisa afikirie mara mbili kabla ya kuondoka. Na mwenye jamaa Imarati amkumbushe asiondoke bila ya mafao yake ya kumaliza kazi, ambayo ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na wa siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo.

La tano ni deni. Kulikimbia si kulilipa. Sote tunajua uzito wa deni katika dini yetu, na kwamba mirathi ya maiti haigawiwi mpaka wadai wake walipwe. England na Wales zina utaratibu, ulioanza Mei 2021, unaompa mdaiwa siku 60 za kupumua ambazo ndani yake wadai wengi hawaruhusiwi kuongeza riba wala kumwandama. Hupatikana kwa kupitia washauri wa madeni wasiotoza chochote, kama Citizens Advice na StepChange. Aliyepanga malipo madogo kabla ya kuondoka hulala usingizi kule aendako.

Kuhusu mizigo, Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humruhusu anayerudi kuhamia aingize bila ushuru, kwa masharti, vyombo vya nyumba alivyovitumia, pamoja na gari moja alilolimiliki na kulitumia huko kwa miezi 12 au zaidi. Atakayenunua gari wiki ya kuondoka asishangae kutozwa.

KAZI YA KUANZA UPYA

Aliyerudi na kidogo ana adui mkubwa mmoja, nao ni haraka ya kuonekana. Hununua gari, hufungua duka kubwa, na mtaji humalizika kabla ya mwaka. Bora akae miezi mitatu akitazama, aulize bei, apange nyumba ndogo, na akisalimishe kwa ndugu anayemwamini kile kidogo alicho nacho. Ajue pia kwamba mkono wake si mtupu kama anavyodhani. Aliyehudumia wazee, aliyeendesha malori, aliyefunga mabomba, aliyetunza hesabu za duka, amerudi na ujuzi ambao forodha haiutozi.

Wenzetu wa jimbo la Kerala nchini India, ambao kwa miaka mingi wamekwenda Ghuba kwa wingi, waliona mbali. Serikali ya jimbo lao ilianzisha mwaka 1996 idara maalumu ya watu walioko nje, na baadaye ikaweka mikopo nafuu kwa wanaorudi na kuanza biashara. Walikubali kwamba kurudi ni sehemu ya safari, wakajitayarisha nako. Sisi tumejitayarisha na kuondoka tu.

WAJIBU WETU SISI TULIOBAKI

Jamii zetu humu zina desturi njema: mtu akifariki, michango hupatikana kwa siku mbili na maiti husafirishwa. Kwa nini aliye hai asipate hata nusu ya hima hiyo? Sura ya At-Tawba, katika aya ya 60, imetaja makundi manane ya wanaostahiki zaka, na miongoni mwao wamo wenye madeni na msafiri aliyekwama. Mara ngapi tunamtafuta mtu wa makundi haya mbali, na yuko safu ya pili nyuma yetu?

Kila jumuiya yaweza kuanza na mambo matatu mepesi: mfuko mdogo wa nauli unaoendeshwa kwa siri bila kutaja majina, mtu mmoja anayeaminika wa kuwaelekeza watu kwa washauri wa madeni na mawakili, na orodha ya waliokwisha kurudi ambao wako tayari kumpokea mwenzao na kumwonyesha mji ulivyobadilika. Na walioko nyumbani nao tuwaombe jambo moja. Anaposhuka mtu, wamwulize hali yake kabla ya kutazama masanduku yake.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wazee wetu mabaharia waliyasema hayo bila haya, kwa kuwa walikwisha ona vyombo vikirudi vimejaa na vyombo vikirudi vitupu, na vyote vilipokewa bandarini na watu wale wale. Mwenye kuiwaza safari hii mwezi huu na akae na mkewe usiku wa leo, wafungue bahasha zote za madeni zilizoko kabatini, waandike hesabu ya kweli katika karatasi moja. Kisha wamwendee mtu mmoja wanayemwamini na wamweleze.

Wabillahi t-tawfiq.