Chumba cha Maneno: Ngeli za Mahali katika Michezo ya Kompyuta ya Maandishi

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuunda mchezo wa kompyuta ulioitwa MUD, ambao baadaye uliendelezwa na mwenzake, Richard Bartle. Mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo ya chumba alimo, akaandika amri, akapokea maelezo mengine. Na watu kadhaa waliweza kukutana katika chumba kimoja kwa wakati mmoja. Makala haya yanahusu utungaji wa vyumba vya namna hiyo. Kazi hiyo imeachiwa wataalamu wa mashine, ilhali sehemu yake kubwa ni ya isimu.

Chumba hapa ni istilahi tu: msitu, njia panda na hata mashua huitwa chumba. Katika LPMud, iliyobuniwa na Lars Pensjö nchini Uswidi mwaka 1989, kila chumba ni faili iliyoandikwa kwa lugha ya programu iitwayo LPC. Mtungaji huweka humo jina fupi la mahali, maelezo marefu, kiasi cha mwanga, na njia za kutokea, kila njia ikitaja mwelekeo wake na chumba inakofikia. Mbele ya mashine, chumba, mtu na taa vyote ni vitu. Tofauti ni kwamba hiki kimo ndani ya kile. Aendaye kaskazini hasafiri, bali huondolewa katika kitu kimoja akatiwa katika kingine. Njia ya kurudi nayo haijiletei: mtungaji asiyeiandika humfungia mgeni wake ndani.

Ugumu hasa umo katika maelezo. Mtungaji hajui msomaji ametokea mlango upi, wala ni nani mwingine aliyemo. Akiandika, "Unaingia na kumwona mzee ameketi," sentensi hiyo inakuwa uongo mara mzee anapoondoka. Kwa hiyo hueleza yale tu yasiyobadilika, na mashine huongezea yanayobadilika.

Ni katika nyongeza hizo za mashine ambapo Kiswahili hudai haki yake. Kwa Kiingereza, kitenzi kilekile hufuata jina lolote. Kwetu, kiunzi kinachosema "taa imeanguka" kikipewa jina jingine kitatoa "kisu imeanguka" na "panga imeanguka", mambo ambayo hata mtoto hasemi. Basi hapana budi kila kitu kibebe ngeli yake. Wala umbo la jina halitoshi kuitambulisha: kiboko wa mtoni ameanguka, lakini kiboko cha kuchapia kimeanguka. Mashine haina njia ya kujua hayo isipoambiwa na mtungaji.

Nami naona chumba chenyewe kibebe alama ya aina hiyo: pa-, ku- au m-. Wapo watakaosema kwamba "kuna" hutosha kila mahali, na mazungumzo ya kila siku yanawaunga mkono. Lakini mchezaji huyu hana macho ila sarufi. Akisoma "humu mna maji", amekwisha kujua kwamba yu ndani ya kitu, pangoni au kisimani, kabla kuta hazijatajwa. Akisoma "huku kuna maji", ameachiwa eneo lisilo na mipaka, na "hapa pana maji" humwonyesha mahali dhahiri.

Kuna mahali patakapoleta ubishi. Chukua daka la nyumba ya kale ya Lamu, lile sebule dogo la mlangoni lenye mabaraza ya mawe pande mbili. Lina paa na kuta, lakini aliyeketi hapo bado hajaingia nyumbani. Mimi ningeliandikia pa-, kwa kuwa hapo ndipo mgeni husimama akapiga hodi; na chumba kinachofuata, baada ya kukaribishwa, ningekiandikia m-.