Sita Washuke, Watatu Wahesabiwe

Tarehe 18 Februari 2023, kwenye mashindano ya dunia ya skii huko Méribel, Ufaransa, Mikaela Shiffrin wa Marekani aliongoza raundi ya kwanza ya slalomu, na watazamaji wengi walishamvisha dhahabu vichwani mwao. Raundi ya pili ilipokwisha, dhahabu ilikuwa ya Laurence St-Germain wa Kanada, ambaye mpaka siku hiyo hakuwahi kuingia tatu bora katika mbio hata moja za Kombe la Dunia. St-Germain hakutoka moja kwa moja kwenye kambi ya timu ya taifa. Alipitia Chuo Kikuu cha Vermont, alikosomea masuala ya kompyuta huku akishindania chuo chake. Nyuma ya wanaskii wa namna hii kuna kocha wa chuo, na kazi yake haifanani na ya kocha mwingine yeyote wa mchezo huu.

Ubingwa wa taifa wa vyuo vya Marekani chini ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ulianza 1954. Tangu 1983 wanaume na wanawake wanashindania kombe moja. Alama zao zinajumlishwa, kisha zinaongezwa za wenzao wa skii za masafa, wale wanaokata kilomita porini kwa nguvu ya miguu na mapafu. Kocha wa mlimani anaweza kuukosa ubingwa kwa sababu mwenzake wa masafa alikosea kuchagua nta asubuhi. Madaraja hayapo: chuo kidogo cha New England kinapanga mstari mmoja na Utah au Colorado. Zile mbio za kushuka kwa kasi kupita kiasi, ambazo watu huzikumbuka kutoka kwenye Olimpiki, hazimo. Vyuo vinashindana katika slalomu na slalomu kubwa peke yake, yaani mbio za kupinda kwenye malango.

Ugumu wa kazi umo kwenye hesabu. Kila mwanaskii ana pointi za FIS, shirikisho la kimataifa, na katika mchezo huu mwenye pointi chache ndiye bora. Hesabu yenyewe iko hivi: chukua muda wako, ugawe kwa muda wa mshindi, toa moja, kisha zidisha kwa 730 kama mbio ni za slalomu. Mshindi ametumia sekunde 100 kwa raundi zote mbili, wewe 101. Umepata 7.3. Juu yake inaongezwa adhabu ya mbio hizo, ambayo hutegemea ubora wa walioshiriki: wakiwepo wakali, adhabu inapungua. Baada ya hapo, kinachoingia kwenye orodha ya dunia ni wastani wa matokeo yako mawili bora.

Mawili tu. Kwa kijana wa miaka 21 anayeota timu ya taifa, maana yake ni kwamba akianguka mara nane na kupeta mara mbili, msimu wake umefana. Hesabu inamwambia ajilipue kila Ijumaa na kila Jumamosi.

Januari na Februari kocha anaweza kumwacha ajilipue. Katika mashindano ya vyuo vya Mashariki, kila timu inaingiza wanaskii sita wa kiume na sita wa kike, na wanaohesabiwa ni watatu bora wa kila upande. Wawili wakianguka, hata watatu, timu bado ina alama zake kamili. Ikifika Machi mambo yanageuka. Kwenye ubingwa wa taifa chuo hakiruhusiwi kupeleka zaidi ya watatu kwa kila upande, na wote watatu wanahesabiwa. Hakuna wa akiba. Anayeanguka kwenye lango la nne la raundi ya kwanza ameiachia timu sifuri, na hakuna raundi ya pili ya kujitetea.

Kwa hiyo kocha huyu anafundisha ujasiri kwa miezi miwili, halafu anaomba busara kwa siku chache, kwa watu walewale na kwenye barafu ileile. Kwa maoni yangu hapo ndipo anapomzidi kocha wa timu ya taifa, ambaye wanaskii wake kila mmoja anajishindia mwenyewe. Kumwambia mtu apunguze mwendo ni kumharibu, maana skii isiyokandamizwa kwa nguvu haishiki barafu, na mwoga huanguka mapema kuliko mjuvi. Makocha wazuri hawasemi "punguza". Wanachagua sehemu mbili tatu za njia, kwa kawaida pale mteremko unapovunjika ghafla, na kumwambia mwanaskii aingie kwenye lango akiwa juu zaidi, apoteze kidogo pale ili akae wima, na kwingine kote aachie.

Ili kuzijua sehemu hizo, siku huanza giza. Kocha aliyepewa zamu ya kupanga njia hushuka na keekee ya betri mkononi na fungu la nguzo begani, anatoboa, anachomeka, anarudi nyuma kutazama. Kwenye slalomu kanuni zinamtaka aache mita 6 hadi 13 kati ya nguzo moja ya kupindia na nyingine. Ndani ya kipimo hicho ana nafasi ya kutosha kuwapendelea watu wake: mwenye kikosi cha wepesi hubana malango, mwenye wazito wa nguvu huyatanua. Kila kocha anajua, na kila kocha huapa kwamba hafanyi hivyo.

Jua la Machi likiilainisha theluji, hutupwa chumvi. Watu hushangaa, maana chumvi huyeyusha. Ndiyo, inayeyusha chembe za juu, lakini kuyeyuka kunahitaji joto, na joto hilo linanyonywa kwenye theluji ya chini yake, kama vile mtungi unavyopoza maji kwa kutoa jasho. Maji yaliyoyeyuka yanaganda upya, na njia inakuwa ngumu kwa muda. Ukitupa mapema mno, itakuwa imeshalainika tena kabla wenye namba kubwa hawajashuka.

Mbio zikianza, makocha wanajipanga kandokando ya njia na redio za upepo. Wa kwanza akishapita, taarifa inapanda juu: lango la 14 kumechimbika upande wa kushoto, ingia juu. Sentensi fupi, kwa sababu anayesikiliza ana sekunde chache kabla ya kuondoka. Jioni ni zamu ya video, tupa na kinoo, kunoa kingo za chuma za skii mpaka usiku. Kesho yake mara nyingi kocha huyohuyo ndiye dereva wa basi dogo la timu.

Wengi huingia kazini baada ya kustaafu mbio, kwanza kama wasaidizi. Wengine wamefika mbali. Bob Beattie alichukua ubingwa na Colorado 1959 na 1960, kisha akapewa timu ya Marekani, na mwaka 1964 kule Innsbruck vijana wake Billy Kidd na Jimmie Heuga wakawa wanaume wa kwanza wa Marekani kupata medali za Olimpiki katika skii za milimani. Willy Schaeffler, Mjerumani, aliipa Denver ubingwa mara 13. Richard Rokos, aliyekimbia Chekoslovakia, aliiongoza Colorado kuanzia 1990 hadi 2021 na kuondoka na vikombe vinane. Lakini vikombe si kinga. New Mexico walikuwa mabingwa 2004, na mwaka 2018 chuo kikatangaza kufuta timu nzima kwa ajili ya bajeti.

Nusu ya pili ya kazi ni kusajili, na hapo ndipo kelele zilipo. Vijana wengi wanatoka Norwe, Uswidi, Kanada na Austria, kwa sababu kwao si rahisi kuunganisha chuo na mbio. Leif Kristian Haugen wa Norwe alisoma Denver, na mwaka 2017 akachukua shaba ya dunia ya slalomu kubwa kule St. Moritz. Wazazi wa Kimarekani hulalamika kwamba wageni wanakula nafasi za watoto wao. Nafasi kweli ni chache, na anayebaki nje ya sita ana haki ya kununa. Ila turudi kwenye ile adhabu ya mbio: inapungua wanapokuwepo wakali, na wakali wengi ni hao wageni. Kijana wa Vermont anayemaliza wa nane nyuma yao anaweza kwenda nyumbani na pointi bora kuliko kama angeshinda mbio dhaifu za jirani, na kwa pointi hizo safari ijayo anapangwa mapema, kabla njia haijachimbika.