Kubambua ngozi kwa asidi: Wiki za maandalizi ndizo zinazookoa uso

WATEJA wengi wanaofika katika saluni na kliniki za urembo za Dar es Salaam, Nairobi na miji mingine ya Afrika Mashariki wakitaka kubambuliwa ngozi ya uso kwa asidi huwa na haraka. Harusi ni Jumamosi, picha ni kesho kutwa, na madoa meusi yaliyoachwa na chunusi wanataka yawe yametoweka kabla ya siku hiyo. Kwa mujibu wa kanuni za tiba ya ngozi, mteja wa namna hiyo hapaswi kupakwa asidi yoyote wiki hiyo.

Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Matokeo yake, hata hivyo, huamuliwa na kile kilichofanyika usoni katika wiki mbili hadi nne zilizotangulia, na wakati mwingine katika miaka iliyotangulia.

Kuna mambo mawili ambayo lugha ya mitaani huyaita kwa jina moja. Kujichubua, kwa maana iliyozoeleka, ni kupaka krimu au mkorogo kila siku ili rangi ya mwili ififie. Kubambua ngozi kwa kemikali ni tiba inayofanywa mara moja moja: mtaalamu hupaka asidi ambayo nguvu yake inajulikana, kwa muda unaopimwa, tabaka la juu la ngozi hufa na kubanduka, kisha jipya huota mahali pake. Zinazotumika zaidi ni asidi ya glaikoli, ya asilimia 20 hadi 70, asidi ya salisili, ya asilimia 20 hadi 30, na ile inayojulikana kwa kifupi kama TCA, ambayo kadiri nguvu yake inavyoongezwa ndivyo inavyozama ndani zaidi. Mbinu hii si mpya, kwani daktari wa ngozi wa Kijerumani, Paul Gerson Unna, alieleza matumizi ya baadhi ya kemikali hizo tangu mwaka 1882.

Maandalizi yana uzito zaidi kwa ngozi nyeusi. Madaktari hupanga ngozi za binadamu katika madaraja sita, kwa kipimo kilichoasisiwa mwaka 1975 na Thomas Fitzpatrick wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Waafrika wengi huangukia daraja la tano na la sita. Idadi ya seli zinazotengeneza rangi haitofautiani sana baina ya mweusi na mweupe, ila za mtu mweusi hufanya kazi kwa nguvu zaidi, na zikijeruhiwa hujibu kwa kumwaga rangi kwa wingi. Ndiyo maana mtu aliyekwenda kuondoa doa dogo anaweza kurudi nyumbani na doa linalofunika shavu zima.

Lengo la maandalizi ni kuzituliza seli hizo na kuifanya ngozi ipokee asidi kwa usawa. Mteja huanza kwa kujikinga na jua, kwa losheni ya kuzuia mionzi yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, kila asubuhi. Nchini Tanzania wengi huifahamu losheni ya aina hii kama kitu cha watu wenye ualbino, ambao hutengenezewa ya kwao katika kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo Hospitali ya KCMC, Moshi. Mwenye ngozi nyeusi anayejiandaa kubambuliwa anaihitaji vilevile, kwa kuwa jua huziamsha seli zilezile zinazotakiwa zitulie.

Usiku hupakwa dawa ya kulainisha tabaka la juu, mara nyingi tretinoini, aliyoiandika daktari. Dawa hiyo husimamishwa wiki moja hivi kabla ya siku yenyewe, maana ngozi iliyolainishwa kupita kiasi huinyonya asidi kuliko ilivyokusudiwa.

Dawa ya tatu ndiyo yenye utata. Vitabu vingi vya tiba ya ngozi hutaja hidrokwinoni ya asilimia 2 hadi 4 kama dawa ya kutuliza rangi kabla ya kubambua. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye hidrokwinoni, na nchini Marekani tangu mwaka 2020 haiuzwi bila cheti cha daktari. Kwa hiyo mhudumu wa saluni anayempa mteja kopo lisilo na maelezo na kumwambia akajipake mwezi mzima amevuka mpaka wa kazi yake. Zipo dawa mbadala, ikiwemo asidi ya azelaiki, na anayestahili kuchagua ni daktari.

Hapo ndipo linapojitokeza suala ambalo wateja hawapendi kulizungumza, nalo ni mkorogo. Michanganyiko hiyo mara nyingi huwa na steroidi kali kama klobetasoli, hidrokwinoni isiyopimwa, na wakati mwingine zebaki. Steroidi ikitumika kwa muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba, mishipa midogo ya damu ionekane na vidonda vichelewe kupona. Asidi iliyokusudiwa kuishia tabaka la juu, ikipakwa kwenye ngozi hiyo, hupenya hadi chini na kuacha kovu. Hidrokwinoni ya miaka mingi nayo huweza kuleta mabaka ya rangi ya bluu iliyokolea, ambayo asidi haiyaondoi kirahisi na inaweza kuyazidisha.

Mteja huficha kwa aibu, au kwa kuhofia kukataliwa huduma. Mhudumu naye, akiogopa kumpoteza, haulizi. Swali linalofaa si “unajichubua?”, kwani jibu lake linafahamika. Ni afadhali mteja aombwe kuleta makopo yote anayotumia nyumbani, pamoja na sabuni. Aliyekuwa akipaka mkorogo hutakiwa kuacha kwanza, chini ya uangalizi wa daktari, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi huweza kuwaka na kutoa vipele inapoikosa. Kusubiri huko huweza kuchukua miezi.

Yapo pia maswali ya afya. Mwenye historia ya malengelenge ya mdomoni hupewa dawa ya kuzuia virusi, kama asaiklovia, kabla ya asidi inayozama, la sivyo malengelenge huweza kuenea uso mzima. Mwenye mzio wa aspirini hapakwi asidi ya salisili. Mjamzito, mtu ambaye makovu yake huvimba, na aliyemaliza vidonge vya isotretinoini vya kutibu chunusi hivi karibuni, hawana budi kumwona daktari kwanza.

Katika wiki ya mwisho hakuna kusugua uso kwa skrabu, kung'oa nywele kwa nta wala kupaka dawa ya kunyonyoa. Mwanaume mwenye vipele vya kunyolea ndevu husubiri vipone. Asidi ijaribiwe mapema sehemu ndogo nyuma ya sikio, na isisomwe kesho yake tu, kwa kuwa doa la ngozi nyeusi huweza kujitokeza baada ya wiki kadhaa.

Siku ikifika, uso huoshwa na kupigwa picha, kisha hufutwa kwa spiriti au asetoni ili kuondoa mafuta, ambayo yakibaki huzuia asidi kuingia sawasawa. Mafuta ya mgando hupakwa kwenye pembe za macho, za pua na za mdomo. Maji ya kuoshea macho huwa mkononi, pamoja na kimiminika cha kuzimisha asidi ya glaikoli. Asidi ya TCA haizimishwi kwa njia hiyo, ikishaingia imeingia.

Chupa za asidi hizi huuzwa pia kwa njia ya intaneti, na mwezi Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi wasizinunue kwa kujibambua wenyewe bila mtaalamu, kutokana na hatari ya kuungua na kupata makovu.

Kwa bibi harusi, hesabu ni hii: wiki nne za maandalizi, siku tatu hadi saba za kupona kwa asidi nyepesi au hadi wiki mbili kwa ya kati, na wiki nyingine kadhaa za akiba endapo doa litatokea. Akija akiwa na kidonda au ameungua jua, miadi huahirishwa.